Aliyesimama Kwenye Kigingi

Kamba tuliyopimia viwanja ilikuwa ya katani, na katani ikinywa umande hufupika. Hilo nilikuja kulijua baada ya kuharibu. Viwanja tulivyopima alfajiri vilitoka vidogo kuliko vile tulivyopima jua likiwa utosini, na kwa kuwa alfajiri tuliwapimia waliokubali kuhama mapema, wale waliotutii haraka ndio waliopunjwa. Wakaidi, waliokuja mchana wakijikokota na kuku wao kwenye matenga, walipata viwanja vipana. Watu hawakuchelewa kugundua. Haikupita muda nikawa nasimama asubuhi peke yangu uwanjani, kamba mkononi, na kila mtu yuko kwake anasubiri jua lipande.

Kosa la kamba tulilirekebisha kwa kuianika kwanza juu ya paa la ofisi, na tukalicheka. Kosa lingine nililifanya jua likiwa kali na kamba ikiwa kavu kabisa, na hilo ndilo lililomkosesha dada yangu mahali pa kuweka chungu chake.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne mjini Morogoro na kurudi nyumbani bila kazi. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinaanzishwa bondeni, upande wa Mlali, na watu wa milimani tulitakiwa kuteremka tukakae pamoja karibu na barabara, shule na zahanati. Walitafuta katibu anayeweza kuandika barua na kupiga hesabu ya eka. Wakaniona mimi. Nilipewa meza, kamba, na fungu la vigingi vya miti.

Asiye Mluguru anahitaji kujua jinsi tulivyoishi juu. Ardhi ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mwanamume akioa alihamia kwa mkewe. Alilima pale na kuzaa pale, lakini pale palibaki kwa watu. Mahindi na maharage aliruhusiwa kupanda. Mti wa kudumu hakuruhusiwa, kwa sababu aliyepanda mti leo kesho angedai kwamba na udongo wake ni wake. Watoto walikuwa wa lukolo la mama yao, na mkubwa wao alikuwa mjomba, kaka wa mama. Baba alipendwa, alisalimiwa, alipewa paja la kuku, lakini neno la mwisho halikuwa lake.

Baba yangu aliishi katika nyumba ya mama kama mgeni aliyezoeleka. Jembe lake lilikaa karibu na mlango. Wakikosana na mama alichukua jembe na mkeka, akavuka korongo kwenda kwa dada yake, na baada ya siku chache mama alimtuma mmoja wetu akamwite. Alipofariki walikuja watoto wa dada yake, ndio warithi wake kwa desturi, wakachukua jembe, koti na redio. Ile redio nilikuwa nimeisikiliza naye kila jioni. Nilisimama uani nikaitazama ikiteremka njia ya korongoni juu ya kichwa cha binamu yangu. Sikumchukia binamu yangu. Niliichukia njia.

Ndiyo maana siku ya mkutano wa kwanza nilikuwa na donge langu kabla hata hatujafungua kikao. Afisa aliyetoka wilayani alitusomea agizo: kila mkuu wa kaya apewe kiwanja kimoja cha kujenga na eka moja nyuma yake. Mjomba wangu, aliyekuwa amekaa mbele na bakora yake katikati ya magoti, akainua mkono.

"Mkuu wa kaya ndiyo nani?"

"Mwenye nyumba, mzee wangu."

"Nyumba ninayolala ni ya mke wangu na kaka zake. Nyumba ya dada yangu ndiyo ninayoisimamia, lakini silali humo. Sasa mimi nisimame wapi?"

"Simama katikati ya njia, upande wowote watakuonea huruma!" akadakia mtu nyuma, na uwanja mzima ukacheka.

Afisa alitazama saa yake. "Katibu ni mwenyeji, atawaelewesha," akasema, akapanda Landrova.

Kwa hiyo katibu ndiye aliyeamua. Nimesikia wenzangu wa rika langu wakisema kwamba mengi ya miaka ile tuliagizwa tu. Yapo tuliyoagizwa. Hili hakuna aliyeniagiza. Ningeweza kumsimamisha mke kwenye kigingi, au mke na mume, au kumrudia mjomba na kumwomba wazee wakae wafikirie. Nilisema: mume.

Na nilikuwa na sababu. Wanaume wetu walikuwa wanalima kwa mkono mmoja. Ukimuuliza mtu kwa nini shamba lake lina magugu alikujibu, "Niwalimie wajomba wa watoto wangu?" Nilifikiri mtu akiwa na mahali pake atapalima. Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo, kwamba mtu hutunza kilicho chake, ingawa tulifundishwa pia kwamba mali ni ya wote, na sikuona kuwa mambo hayo mawili yanagongana. Zaidi ya yote nilifikiri nampa baba yangu kiwanja, akiwa amekwisha kufa.

Siku ya kumpimia shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, nakumbuka kila kitu. Dada alikuwa ameketi juu ya kinu alichoteremka nacho kutoka mlimani, anapumua, miguu ina vumbi hadi magotini. Shemeji alikuwa mtu mrefu, mpole, mcheshi, na sisi wawili tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana.

"Nisimame hapa, shemeji?"

"Hapo hapo."

"Peke yangu?"

"Wewe ndiye mkuu wa kaya."

Dada akaangua kicheko. "Mkuu wa kaya! Jana kaona nyoka jikoni, karuka juu ya kitanda, nyoka nimemuua mimi na mchi!"

"Nilikuwa nakuachia heshima, mama watoto," shemeji akasema. "Leo niachie na mimi."

Akavua kofia, akasimama wima kando ya kigingi kama mtu anayepigwa picha. Mimi nilivuta kamba. Dada aliendelea kucheka hadi tulipomaliza kona ya nne, kisha akainuka, akaviringisha kinu chake mpaka katikati ya kiwanja, akakiweka pale pale alipotaka jiko liwe. Hakuna aliyemuuliza. Wala yeye hakuona kwamba alipaswa kuulizwa.

Kabla ya mvua kuanza shemeji alikuwa amepanda michungwa nyuma ya nyumba. Aliniita nikaione. Miche ilikuwa mifupi, haijafika magoti, ameizungushia miba mbuzi wasiile.

"Unaona?" akasema. "Hapa hakuna mjomba wa kuja kuniuliza nani kanipa ruhusa."

Machozi yalimlengalenga, na mimi pia yalinilenga, maana nilimwaza baba.

Na mpango ulifaulu. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu kama ungeshindwa ningeligundua kosa mapema. Wanaume walilima. Waliokuwa wakikesha kwenye pombe waliamka na majembe. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya kuchoma badala ya fito. Tuliletewa wageni kutoka vijiji vingine waje kujifunza, nikawatembeza kati ya vigingi nikiwa na kalamu sikioni. Nilisifiwa mbele ya watu. Sikujua kwamba jambo moja laweza kufaulu na kubomoa kwa mkono ule ule.

Kubomoa kwenyewe hakukuwa na kishindo. Kwanza wajomba waliacha kushuka. Zamani mjomba alifika kwa dada yake bila hodi, akaketi, akauliza watoto wanakulaje. Nilimuuliza wangu kwa nini haonekani bondeni. "Nikifika pale napiga hodi kwa nani?" akanijibu. "Kwa mumewe? Mimi nimpigie hodi mume wa dada yangu?" Kisha magomvi ya ndani yaliyokuwa yanaishia kwa wajomba yakaanza kuja ofisini kwangu, kwa kijana asiye na mke. Na wakati wote huo mashamba ya juu yalikuwa yanaota vichaka. Siku za wanawake ziliishia kwenye shamba la kijiji na ile eka ya nyuma ya nyumba. Hakuna aliyebaki na nguvu ya kupanda mlima kwenda kupalilia udongo wa bibi yake. Mjomba, ili ardhi isilale, aliigawa kidogo kidogo kwa watu wa lukolo waliokataa kuhama.

Ndipo shemeji akaoa mke wa pili. Alimpata upande wa Msamvu, mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi kandokando ya barabara kuu. Dini ilimruhusu, na ilikuwa inamruhusu tangu zamani. Ila zamani huyo wa pili angekaa kwao huyo wa pili, na shemeji angekwenda na kurudi na mkeka wake. Sasa alikuwa na mahali pa kumleta.

Dada alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, akagonga fremu ya mlango.

"Hodi, Katibu."

Hakuwahi kuniita hivyo. "Karibu, Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini sikuja kwa mdogo wangu, nimekuja kwa Katibu. Kuna mke kaja na kitanda. Kitanda kimeingia chumba cha watoto."

"Dini inamruhusu, Dada."

"Nani kauliza dini? Nauliza nyumba. Kule juu angeleta kitanda cha mwanamke mwingine ndani ya nyumba aliyoniachia mama?"

"Asingethubutu."

"Basi niambie. Nilitoka juu na nyumba yangu, na kinu changu, na watoto wangu. Nimefika hapa na kinu na watoto. Nyumba niliiangusha wapi njiani?"

Nilitazama vigingi vilivyobaki, vimerundikwa pembeni ya meza.

Nilimwendea shemeji. Nilimkuta akimwagilia michungwa, ambayo sasa ilimfika kifuani. Hakuwa mkali, wala hakujificha.

"Simfukuzi dada yako," akasema. "Nitamjengea nyumba yake ndogo kule nyuma, mlango wake, jiko lake. Shamba tutagawana. Hakuna mtu atakayelala nje."

"Na nyumba kubwa?"

"Nyumba kubwa si wewe uliyenisimamisha pale, shemeji? Au siku ile tulikuwa tunataniana?"

Nilimpelekea dada maneno hayo. Aliendelea kuchambua mchele. "Mlango wangu na jiko langu," akasema mwishowe. "Na yule asiguse kinu. Basi, ajenge." Haikuwa furaha, lakini ilikuwa nafuu, na watu wengi wameishi kwa nafuu kama hiyo. Kesho yake shemeji alianza kukata fito.

Laiti ningeiacha ile nyumba ndogo ijengwe. Badala yake nilikwenda kufikiri. Nilikuwa nimeliona kosa langu, na kwa kuwa nililiona nilitaka kulirekebisha kwa kijiji kizima, na kwa mpigo mmoja, kama nilivyolifanya. Nilimshawishi mwenyekiti wa kijiji tuitishe mkutano baada ya swala ya Ijumaa. Ningependekeza kiwanja kiwe cha mume na mke kwa pamoja, na wakiachana nyumba ibaki kwa mama na watoto. Nilidhani mpaka siku hiyo ifike ingekuwa siri yangu na ya mwenyekiti.

Habari ilifika kisimani kabla sijafika nyumbani. Na ilipopita midomoni ilibadilika kidogo: kwamba mwanamume yeyote atakayekutwa na mke nyumbani siku ya mkutano ndiye ambaye kiwanja chake kitamegwa apewe mke. Asiye na mke hana wa kumegewa. Wanaume walikaa kwenye vijiwe wakapiga hesabu. Mwenye ugomvi mdogo aliugeuza mkubwa. Waliokuwa wanasubiri kuona kama mambo yatatulia hawakusubiri tena. Talaka zilizokuwa zinazungumzwa mwaka mzima zilitolewa ndani ya siku chache, na hata waume wema waliwaambia wake zao, "Hebu nenda ukamsalimie mama yako mpaka Ijumaa ipite." Kila mmoja wao alikuwa anajilinda, na sidhani kama kulikuwa na hata mmoja aliyetaka kijiji kiwe hivyo.

Siku moja kabla ya mkutano nilipita kwa shemeji. Fito za ile nyumba ndogo zilikuwa zimerundikwa chini, hazijasimamishwa hata moja. Yule mke wa pili alikuwa amerudishwa Msamvu mpaka Ijumaa ipite, na dada yangu, aliyekwisha kupewa talaka, alikuwa kando ya barabara na vyungu vyake, ameketi juu ya kinu, kama siku ile ya kwanza. Safari hii hakuwa anacheka. Shemeji alisimama kwenye michungwa, amenipa mgongo.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Si ulisema utamjengea?"

"Nilisema." Hakugeuka. "Na ningejenga. Wewe ndiye uliyeniharakisha."

Mkutano ulifanyika. Wanaume walijaa, wanawake wengi hawakuwepo, na waliokuwepo walikaa nyuma. Pendekezo langu lilikataliwa kwa mikono mingi hata hatukuihesabu.

Nilipanda na dada mlimani. Mjomba alitupokea vizuri, akamkaribisha dada yangu alale kwake, yaani kwa mkewe, lakini ardhi ya kumpa hakuwa nayo. Pale palipokuwa na nyumba ya mama alikuwa amempa binti wa ndugu yetu wa kike, ana watoto wadogo, ametengeneza matuta mazuri. Hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Mjomba alinivuta pembeni.

"Nilikuuliza swali siku ile," akasema. "Mkacheka."

"Mimi sikucheka, mjomba."

"Hukucheka. Lakini wewe ndiye uliyeachiwa kujibu."

Dada hakukaa juu. Alikwenda Bigwa, kwa mwanamke waliyefahamiana sokoni, akaanza kulima mchicha kwenye shamba la kukodi karibu na kijito na kuupeleka mjini kichwani. Alichukua mabinti. Wavulana walibaki na baba yao, kwa sababu kiwanja na michungwa vilikuwa huko. Mimi, ambaye kwa desturi nilipaswa kuwa mkubwa wao, sikuwa na hata tuta moja la kuwapa. Wakinikuta njiani walinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mjomba," wakapita.

Niliacha ukatibu nikapata kazi ya ukarani mjini. Kwa miaka mingi nilikwenda Bigwa kila Jumapili, na dada hakunifukuza. Alinipa chai, akaniuliza habari za kazi. Ningependelea anitukane. Mara moja tu nilimwambia naona aibu. Alinitazama kama ninayemsumbua. "Ulitaka baba apate mahali," akasema. "Hata mimi nilimpenda baba. Kunywa chai, inapoa." Baadaye alinunua ile sehemu aliyokuwa akikodi, kipande kwa kipande, kwa mchicha.

Mwaka jana alinitumia ujumbe niende na kamba. Alitaka kuwagawia mabinti zake wawili akiwa bado hai. Nilikwenda na kamba ya nailoni, nikamwambia hii hainywi umande. "Hata hivyo njoo mchana," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile akaicheka ile asubuhi ya uwanja mtupu.

Tulianza na binti mkubwa. Yeye na mumewe walikuwepo, mumewe ni mwalimu kutoka bara, kijana mstaarabu. Nilichomeka kigingi, na kwa mazoea mdomo wangu ukatangulia: "Mwenye kiwanja asimame hapa." Mwalimu akafunga kifungo cha shati, akapiga hatua. Alikuwa anatii tu.

"Baba, wewe kaa kivulini," dada akamwambia kwa upole. "Jua kali. Mwenye kiwanja ni huyu."

Binti akaja akasimama kwenye kigingi. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, na kama ningefanya hivyo siku ile, dada yangu asingekalia kinu barabarani. Nilikuwa na uhakika huo. Kisha nikamtazama mwalimu. Alikuwa amerudi chini ya mpapai, anatabasamu ili watu wasione aibu yake, hajui aweke wapi mikono yake. Niliijua sura ile. Niliishi nayo nyumba moja, jembe lake likiwa karibu na mlango.

Dada naye alimwona. Alinitazama. Safari hii sikutaka kutengeneza sheria yoyote.

"Mwalimu," nikamwita, "mimi ni mzee, mkono unatetemeka. Njoo unishikie ncha hii."

Akaja haraka, akaishika kamba, akaivuta ikakaza. Tukapima.